Saa Mbili, Jengo la Pili: Istilahi za Safari ya Kiwanja cha Ndege

1. Utangulizi

Aghalabu maombi ya istilahi hutufikia kwa barua. Idara fulani hutuma orodha ya maneno, nasi hukaa na kamusi zetu, tukajadiliana, kisha tukarudisha majibu. Ombi lililozaa makala haya lilikuja kwa njia hiyohiyo: tulitakiwa kuhakiki tafsiri ya matangazo na maelekezo kwa abiria wa ndege. Tulikuwa tumekwisha kuanza kazi mezani wakati lilipotokea jambo lililotufanya tuiache meza na kwenda barabarani.

Bibi mmoja wa makamo ya kupita miaka sabini, jirani wa mmoja wetu huko Magomeni, Dar es Salaam, alifiwa na kaka yake Mwanza. Wanawe walichanga nauli, akakatiwa tiketi ya ndege ili awahi maziko. Ndege ilikuwa iondoke saa 3:00 asubuhi. Shirika la ndege, ambalo hatuna haja ya kulitaja, lilimpelekea katika simu ujumbe wa Kiswahili uliomtaka aripoti "saa mbili kabla ya ndege kuondoka" katika "jengo la pili". Bibi alisoma, akaelewa, akatii. Saa mbili kasorobo alikuwa amekwisha kushuka kituoni, mbele ya wakati kwa robo saa, kama alivyodhani. Akalipita jengo la kwanza aliloliona, akaenda hadi lililofuata, akaambiwa si lenyewe. Alipofikishwa penyewe saa mbili na nusu ilikuwa imekwisha kupiga na dawati la kuandikisha abiria limefungwa. Alifika Mwanza siku iliyofuata. Kaburi lilikuwa limefukiwa, naye akasoma dua yake juu ya udongo mbichi.

Tulipokwenda kumpa pole tuliomba kuusoma ujumbe ule. Alitupa simu, akasema: "Wanangu, mimi nimesoma ngumbaru. Kusoma ninajua. Nilichosoma ndicho nilichofanya."

Neno hilo lilituingia. Bibi huyu ni mmoja wa watu wazima waliofundishwa kusoma na kuandika katika kampeni za elimu ya watu wazima za miaka ya 1970. Walifundishwa kwa Kiswahili, ili waweze kusoma maandishi ya serikali na ya mashirika bila ya kumtegemea mtu. Ujumbe alioupokea haukuwa na neno hata moja la kigeni wala kosa la sarufi. Hata hivyo ulimpotosha mara mbili, na mara zote mbili kwa hesabu ileile ya mbili. Kwa hiyo tulifunga safari wenyewe kutoka Magomeni hadi kiwanjani kwa usafiri wa kawaida, tukiandika kila neno tulilolisikia. Yafuatayo ni maelezo ya tuliyoyaona, pamoja na mapendekezo yetu kwa wafasiri, walimu na watumishi wa serikali.

2. Uwanja au kiwanja?

Msafiri hana budi kwanza kulijua jina la mahali anapokwenda. Wenyeji wa Dar es Salaam katika mazungumzo husema "Eapoti", na makondakta huliita hivyo kwa sauti kubwa. Vyombo vya habari aghalabu husema "uwanja wa ndege". Mamlaka inayohusika hujiita Mamlaka ya Viwanja vya Ndege, na katika nyaraka zake umoja wa neno hilo ni "kiwanja". Unguja, ubavuni mwa daladala za kiwanjani, kwa miaka mingi yameonekana maandishi U/NDEGE, yaani uwanja wa ndege.

Maneno haya mawili ni ndugu. Uwanja ni mahali wazi palipo tambarare. Kiwanja kwa asili ni udogo wake, kwa kiambishi ki- cha kudogosha. Wingi wa asili wa uwanja ni nyanja, lakini neno nyanja siku hizi limehamia katika elimu: tunasema nyanja za sayansi, nyanja za utamaduni. Pengo lililobaki limejazwa na viwanja. Kwa hiyo wengi husema uwanja katika umoja na viwanja katika wingi, na kutokana na kuchanganya huku tumekuta katika tafsiri makosa kama "viwanja wa ndege" na "uwanja vya ndege".

Lakini iko sababu nyingine, nayo ni ya maana zaidi. Tuchukue jina kamili: "Uwanja wa Ndege wa Kimataifa". Neno ndege lina maana mbili katika lugha yetu: kiumbe mwenye mbawa na chombo cha kusafiria angani. Upatanisho wa kisarufi ndio uzitenganishao. Ndege aliye kiumbe huchukua wa: ndege wa porini. Ndege iliyo chombo huchukua ya au za: ndege ya abiria, ndege za mizigo. Basi msomaji akikutana na "uwanja wa ndege wa kimataifa", sarufi inamruhusu kabisa kudhani kwamba walio wa kimataifa ni ndege wenye manyoya. Mzoefu hapotei, bali mwanafunzi na mgeni anayejifunza lugha huenda akapotea, na mfasiri wa mikataba hapaswi kuacha mlango wa namna hiyo wazi. Tukisema "kiwanja cha ndege cha kimataifa", kila cha inarejea kiwanja wala hakuna shaka.

Kwa sababu hizo tunapendekeza kwamba katika sheria, mikataba na vibao rasmi litumike neno kiwanja, wingi viwanja. Hatusemi kwamba uwanja ni kosa. Ni neno zuri, na wananchi wa pande zote za Afrika Mashariki wanalielewa. Tunachokataa ni kuyachanganya yote mawili katika waraka mmoja.

3. Njiani: maneno ya daladala

Kutoka Magomeni tuliifuata Barabara ya Kawawa hadi Ilala, tukapita Buguruni, tukaingia Barabara ya Mandela hadi makutano ya TAZARA, na kutoka hapo Barabara ya Nyerere, ambayo wazee bado huiita Barabara ya Pugu, hadi Kipawa. Kutoka katikati ya jiji hadi kiwanjani ni kama kilomita 12. Hapana gari moja lililotufikisha kutoka mwanzo hadi mwisho, nasi tulielekezwa na kijana mmoja kituoni: "Pandeni hili la Buguruni, halafu muunganishe la Gongo la Mboto."

Kitenzi kuunganisha, kwa maana ya kushuka chombo kimoja na kupanda kingine katika safari moja, kila mkazi wa jiji anakijua. Katika orodha tuliyoletewa, msafiri wa ndege anayefanya jambo hilohilo alikuwa ameitwa "abiria apitaye kwa muda katika mpito". Maneno sita, na hakuna hata moja linalomsaidia. Abiria anayetoka Mwanza kwenda Mombasa kwa kupitia Dar es Salaam anafanya kilekile tulichokifanya sisi Buguruni. Ni abiria wa kuunganisha, na ndege anayoifuata ni ndege ya kuunganisha. Daladala ilikwisha kutatua swali hili kabla yetu.

Si ajabu, maana lugha ya usafiri wa mjini imejengwa na wasafiri wenyewe. Neno daladala, kwa mujibu wa maelezo yaliyoenea zaidi, linatokana na dala, jina la mitaani la sarafu ya shilingi tano, ambayo ndiyo ilikuwa nauli mwaka 1983 watu binafsi waliporuhusiwa kuendesha mabasi ya abiria jijini kusaidiana na Shirika la Usafiri Dar es Salaam. Nchini Kenya matatu ilipata jina kwa njia hiyohiyo, kutokana na nauli ya sarafu tatu za senti kumi. Bodaboda ilizaliwa katika mpaka wa Kenya na Uganda, ambako waendesha baiskeli walivusha watu kutoka boda hadi boda. Bajaji ni jina la kiwanda cha India lililogeuka kuwa jina la chombo chenyewe. Hakuna kamati iliyokaa kuyaunda maneno haya, na hakuna kamati itakayoweza kuyaondoa.

Hata hivyo mtu wa istilahi asidhani kwamba kila linalotoka barabarani lafaa kuchukuliwa lilivyo. Tutatoa mifano mitatu.

Mfano wa kwanza ni mwendokasi. Mei 2016 mabasi ya njia maalumu yalipoanza safari Dar es Salaam, jina rasmi lilikuwa "mabasi yaendayo haraka". Hayo ni maelezo kuliko kuwa jina. Wananchi wakasema mwendokasi, neno moja, linalotamkika upesi na kuambatana vizuri na mengine: kituo cha mwendokasi, kadi ya mwendokasi. Jina rasmi limebaki katika nyaraka. Mwaka 2024 treni ya umeme ya reli mpya ilipoanza kwenda Morogoro na Dodoma, nayo magazeti yakaiita treni ya mwendokasi. Lakini neno hilo tangu zamani lilikuwa na kazi nyingine: askari wa usalama barabarani husema ajali imesababishwa na mwendokasi, yaani kuendesha kwa kasi iliyopita kiasi. Hivyo jina moja sasa linabeba basi, treni na kosa la jinai. Katika mazungumzo hakuna madhara. Katika sheria tunashauri kosa liitwe "mwendo wa kupita kiasi", na neno mwendokasi waachiwe abiria.

Mfano wa pili ni foleni. Neno hili limetokana na amri ya kijeshi ya Waingereza ya kuwapanga askari mstari. Wale wanaoikumbuka miaka ya mwanzo ya 1980 wanajua kwamba foleni ilikuwa ya watu, wenye vikapu, mbele ya maduka. Leo mtu akisema "nimekwama katika foleni" watu wa Dar es Salaam hufikiri magari kwanza. Kiwanjani maana zote mbili hukutana: iko foleni ya barabarani na iko foleni ya dawatini. Katika tangazo ni bora kusema msongamano wa magari kwa ile ya kwanza, na foleni ibaki kwa watu.

Mfano wa tatu ni barabara ya juu. Septemba 2018 ilizinduliwa pale TAZARA barabara inayopita juu ya makutano, ikapewa jina la mhandisi Mfugale. Magazeti yaliiita mara barabara ya juu, mara daraja la juu. Lakini daraja la juu ni jina ambalo watembea kwa miguu walikwisha kulitumia kwa kivuko chao cha ngazi. Anayemwambia mtoto wa shule "vuka kwa daraja la juu" anamtakia usalama, na iwapo neno hilo litahusishwa pia na njia ya magari, onyo litageuka kuwa hatari. Kwa hiyo tunapendekeza barabara ya juu kwa magari, na kivuko cha juu kwa watembea kwa miguu.

4. Jengo la pili na jengo namba mbili

Kiwanja cha Dar es Salaam kimekua kwa vipindi. Jengo linaloitwa la pili lilifunguliwa mwaka 1984, na la tatu, lililokusudiwa safari za kimataifa, mwaka 2019. Majengo haya hayakushikana, na kwa mtu mwenye mzigo kichwani umbali wake si mchezo.

Je, jengo la namna hii tuliite nini? Liko pendekezo la kutohoa na kusema terminali. Tatizo si ugeni wa neno, maana lugha yetu haiogopi wageni: tumepokea tiketi, pasipoti na forodha. Tatizo ni kwamba terminali halimwambii kitu mtu asiyelijua. Liko pia pendekezo la kusema kituo. Hili tunalikataa kwa sababu iliyo kinyume: linamwambia mengi mno. Abiria amekwisha kupita vituo vingi njiani, na kituo kwake ni mahali pa kushukia basi. Jengo la abiria linatosha. Linaeleza kitu chenyewe, nalo linatofautiana na jengo la mizigo na jengo la ofisi.

Lililotushughulisha zaidi ni hesabu iliyofuatishwa nyuma yake. Katika Kiswahili "la pili" huonyesha nafasi katika mfuatano, na mfuatano una mwanzo. Unaanzia wapi? Waliotoa jina walianza kuhesabu kutoka lililojengwa mapema, yaani walihesabu kwa miaka. Bibi wa Magomeni alianza kuhesabu kutoka pale aliposhukia, yaani alihesabu kwa hatua. Ndivyo tunavyoelekezana sote: "nyumba ya tatu kutoka msikitini", "duka la pili mkono wa kulia". Kwa mujibu wa sarufi ya lugha yetu hakukosea.

Namba ni kitu kingine. Namba ni jina lililoandikwa ukutani. Haibadiliki kwa kutegemea mtu amesimama wapi. Nairobi, anayekwenda kiwanja cha Jomo Kenyatta kwa basi hutafuta namba 34. Unguja, daladala ya U/NDEGE hujulikana kwa namba 505. Hakuna asemaye "daladala ya mia tano na tano" akakaa kituoni kuzihesabu zinazopita. Kwa hiyo tunapendekeza kwa mkazo: Jengo la Abiria Namba 2, wala si Jengo la Pili, Mlango Namba 4, wala si Mlango wa Nne, na namba iandikwe kwa tarakimu katika ujumbe kama ilivyo ukutani, ili jicho lioanishe moja na nyingine.

Juu ya mlango tuna neno dogo la kuongeza. Mahali abiria anapotokea kwenda kupanda ndege pameitwa na wafasiri wengine "lango". Lango ni ukubwa wa mlango; kwa desturi ni la mji, la ngome au la boma. Pale kiwanjani lango analolijua abiria ni lile la nje penye walinzi, nalo watu huliita geti. Akisikia "abiria waende langoni" huenda akageuka kurudi alikotoka. Mlango wa kupandia hauna utata.

5. Saa mbili na muda wa saa mbili

Sasa tufikie kisa kikubwa. Saa katika Kiswahili ni chombo cha kupimia wakati, ni nukta katika siku, na ni kipimo cha muda. "Saa mbili" yaweza kuwa wakati fulani wa asubuhi au wa usiku, na yaweza kuwa muda wa dakika 120. Katika sentensi nyingi muktadha hufafanua: "nilimngoja saa mbili" na "alifika saa mbili" havichanganyiki. Lakini "fika saa mbili kabla ya ndege kuondoka" ni sentensi iliyo sahihi kwa njia zote mbili. Ya kwanza: tangulia ndege kwa dakika 120. Ya pili: fika ikiwa saa mbili, kabla ndege haijaondoka. Kwa ndege ya saa 3:00 asubuhi, maana ya kwanza inamtaka abiria saa 1:00, na ya pili saa 2:00. Bibi alichukua ya pili, nayo ndiyo msemaji wa Kiswahili huifikia kwanza, kwa kuwa kitenzi fika hudai wakati wa kufika.

Walimu watatuwia radhi tukitaja hapa neno ambalo kwa miaka mingi wamelipiga mstari mwekundu, yaani masaa. Kanuni ya shule ni kwamba saa haibadiliki katika wingi: saa moja, saa mbili. Mitaani watu husema "masaa mawili" pale wanapokusudia muda, na "saa mbili" pale wanapokusudia wakati. Husikii mtu akisema "tuonane masaa mawili asubuhi". Yaani wananchi wamezitenganisha maana mbili kwa kutumia kiambishi cha wingi, wakati lugha sanifu imeziacha katika umbo moja. Laiti ujumbe ungeandikwa kwa "kosa" hilo, bibi angewahi maziko.

Hatupendekezi kwamba masaa lipokewe leo katika maandishi rasmi. Jambo hilo linahitaji mjadala mpana wa mabaraza yetu yote. Ila tunawaomba walimu, wanapolisahihisha, wamweleze mwanafunzi ni tofauti gani anayoitafuta na aifikie kwa njia gani nyingine. Njia hiyo ipo: "muda wa saa mbili". Hivyo sentensi iwe: "Fika muda wa saa mbili kabla ya ndege kuondoka." Na kwa matangazo yanayomhusu mtu mmoja mmoja tunakwenda mbele zaidi: hesabu ifanywe na shirika, asiachiwe abiria. "Fika kabla ya saa 1:00 asubuhi" ni sentensi fupi ambayo haina tafsiri ya pili.

Kuna mashaka mengine mawili ya namna hii ambayo mfasiri hana budi kuyakumbuka. La kwanza ni tofauti ya kuhesabu. Saa ya Kiswahili huanza na mapambazuko na huanza tena na machweo. Saa ya tiketi huanza usiku wa manane. 09:00 ya tiketi ni saa 3:00 asubuhi. 21:00 ni saa 3:00 usiku. Wengi wetu hugeuza bila ya kufikiri, bali aliyechoka au mwenye msiba huweza kuteleza. Tunashauri saa ya tiketi iandikwe daima kwa tarakimu nne, na saa ya Kiswahili iandikwe pamoja na neno la kipindi chake: asubuhi, mchana, jioni, usiku, alfajiri. Zikiwekwa pamoja, msomaji atakuwa na shahidi wawili.

La pili ni usiku. Kwa desturi ya pwani, siku huanza jua linapotua. Ndiyo maana usiku wa Ijumaa, kwa wengi wa wazee wetu, ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa, ilhali Ijumaa usiku ni ule unaoufuata. Kwa saa ya tiketi siku hubadilika katikati ya usiku. Sasa tuchukue ndege inayoondoka 02:00 tarehe ya Jumamosi. Mfasiri akiandika "Jumamosi saa 8:00 usiku", wako watakaolala Ijumaa kwa raha zao, wakafunga mizigo Jumamosi mchana, na kufika kiwanjani wakati ndege yao imekwisha kuondoka tangu jana yake usiku. Lugha yetu ina dawa iliyo tayari, nayo watangazaji wa redio wameizoea: "usiku wa kuamkia Jumamosi". Kitenzi kuamkia kinamshika msikilizaji mkono na kumwonyesha asubuhi itakayofuata. Si lazima tubuni neno. Yatosha kulitoa katika taarifa ya habari na kulitia katika tiketi.

6. Kuchelewa, kuahirishwa, kufutwa

Tulipokuwa kiwanjani tulisikia abiria wakiyatumia maneno haya matatu kama kwamba ni mamoja, na tafsiri tulizohakiki zina kasoro hiyohiyo. Lakini kila moja linamtaka abiria afanye jambo tofauti. Safari iliyochelewa itafanyika leo, baada ya saa iliyopangwa, abiria akae. Safari iliyoahirishwa imehamishiwa siku nyingine. Abiria aulize ni lini, kisha aende zake. Safari iliyofutwa haipo tena. Abiria adai haki yake. Atakayetangaza kwamba safari "imeahirishwa" hali imechelewa kwa dakika 50 tu, asishangae akipata viti vitupu.

7. Istilahi tunazopendekeza

Kwa muhtasari, tunaweka hapa chini orodha ya istilahi pamoja na maana zake, ili zijaribiwe katika kazi.

kiwanja cha ndege (viwanja vya ndege): mahali palipotengenezwa kwa ajili ya ndege kuruka na kutua, pamoja na majengo yake.

jengo la abiria: jengo ambamo abiria huandikishwa, hukaguliwa na kungojea safari, hutambulishwa kwa namba.

dawati la kuandikisha: mahali abiria anapoonyesha tiketi, kukabidhi mzigo na kupewa pasi ya kupandia.

pasi ya kupandia: hati inayomruhusu abiria kuingia katika ndege aliyoandikishwa, isichanganywe na pasipoti.

mlango wa kupandia: mlango abiria anaotokea kwenda kwenye ndege; hutambulishwa kwa namba.

abiria wa kuunganisha: abiria anayeshuka ndege moja ili apande nyingine katika safari ileile.

mzigo wa mkononi: mzigo ambao abiria huingia nao ndani ya ndege.

mzigo wa ziada: uzito unaopita kiasi kilichomo katika nauli.

barabara ya kurukia: sehemu ya kiwanja ambayo ndege hukimbia juu yake inaporuka au inapotua.

kuchelewa: kuondoka au kufika siku ileile baada ya saa iliyopangwa.

kuahirishwa: kuhamishiwa siku nyingine.

kufutwa: kuondolewa kabisa katika ratiba.

muda wa saa (mbili, tatu n.k.): kipimo cha urefu wa wakati, si saa ya siku.

usiku wa kuamkia (siku fulani): usiku unaotangulia mchana wa siku iliyotajwa.

8. Hitimisho

Tumezoea kupima istilahi kwa vigezo vya ufupi, uwazi na uwezo wa kunyambulika. Vigezo hivyo ni vyema na hatuviachi. Safari hii imetufundisha kuongeza kimoja: je, atakayelisoma neno hili akalitii kama lilivyo atafika? Tafsiri ya ujumbe ule ingepita katika mtihani wowote wa sarufi. Haikupita katika safari kutoka Magomeni hadi Kipawa.

Kwa hiyo tunawaomba wenzetu wafasiri, kabla ya kutia saini tafsiri ya maelekezo yoyote, wampe mtu asiyeijua lugha ya asili ayasome na kueleza atafanya nini. Asiulizwe kama ameelewa, kwa maana kila mtu hujibu kwamba ameelewa. Aulizwe atatoka nyumbani saa ngapi, atashukia wapi na ataingia jengo gani. Majibu yake ndiyo yatakayoonyesha kasoro za tafsiri.

Orodha tuliyoitoa si ya mwisho. Wasomaji wa Kenya, Uganda, Zanzibar na kwingineko wenye maneno mengine yatumikayo katika viwanja vyao wanakaribishwa kutuandikia, hasa kuhusu suala la saa na masaa ambalo bila ya shaka litazusha mabishano. Orodha hii tulimsomea kwanza bibi wa Magomeni, barazani kwake. Alisikiliza hadi mwisho, akatuomba turudie kifungu cha muda wa saa mbili, kisha akasema kwamba hapo angewahi.